Viberiti Kumi na Viwili

Nyapara alikuwa amechuchumaa chooni kwake, mlango ameukomea, na mbele yake viberiti kumi na viwili vimepangwa mstari kama matofali. Tisa alishavijaza. Bado vitatu.

Kila kiberiti kilikuwa na jina ubavuni. Jina lake halikuwepo.

Jana jioni wakanyaga udongo wote wa kiwanda cha matofali walimkabidhi choo chao, awapelekee zahanati kikapimwe. Alichopokea alikitupa shimoni. Sasa alikuwa anawajazia chake.

"Safura!" akajisemea, akasonya. "Uvivu nao siku hizi una mdudu."

Mkewe akagonga mlango. "Baba watoto, saa nzima humo! Unataga?"

"Niko kazini!"

"Haya, bosi. Ukimaliza, mboga zako kule kwenye shimo la choo la zamani zinataka maji. Na leo vaa hata ndala."

"Nichafue ndala kwa udongo wangu mwenyewe?"

Mabuti yake, hayo ndiyo kabisa. Yalining'inia msumarini, yamepakwa mafuta, yanang'aa. Yalikuwa ya kuvaliwa kazini tu, mbele za watu.

Tajiri mwenye kiwanda alisema wazi: wakikutwa na minyoo, anawatibu, anawapa wiki mbili za kupumzika na mshahara juu, na kila mmoja anamnunulia mabuti. Wakikutwa wazima, basi ni wavivu, na Nyapara afukuze anaowataka.

Nyapara alishaandika orodha. Juu kabisa Kobe, mume wa dada yake.

Kobe huyo juzi alikaa ukingoni mwa shimo la udongo, midomo myeupe.

"Shemeji, dakika mbili tu. Kizunguzungu."

"Inuka. Udongo haujikanyagi."

"Tungepata viatu, shemeji. Muuguzi kasema wadudu wanapitia nyayoni."

"Kiatu kina macho? Kitajuaje kokoto iko wapi?" Nyapara alikuwa amesimama pakavu, mabuti hadi magotini. "Halafu itazame hiyo miguu, imepasuka kama ukuta wa jela. Mdudu mwenye akili zake aingie humo kutafuta nini?"

Wenzake Kobe wakacheka, maana asiyecheka aliandikwa.

"Lakini hata wewe siku hizi unahema," Kobe akasema taratibu. "Ngazi tatu za ofisini, unashika ukuta."

"Mnanichosha nyinyi!"

Tajiri alimuuliza kama naye hapimwi. Nyapara nusura atukane. Yeye, apange foleni ya kinyesi na wale? "Mimi navaa mabuti, tajiri. Mzima kama jiwe."

Mle chooni akafunga kiberiti cha mwisho, kile cha Kobe. Akakipigapiga kifuniko, kama mtu anayempapasa mtoto kabla hajamchapa.

Siku ya tatu tajiri alikuja mwenyewe, gari limejaa makasha, muuguzi kando yake na bahasha mkononi. Wakanyaga udongo wakasimama mstari. Nyapara akapanda ngazi tatu za ofisi, akashika ukuta, akatoa orodha yake mfukoni.

Muuguzi akasoma. "Wote kumi na wawili wana safura, tena imekomaa. Mtu wa maabara anasema miaka yote hajaona kitu kama hiki. Kiberiti hiki na kile havina tofauti, utadhani vimetoka tumbo moja."

Orodha ikamponyoka Nyapara.

Dawa zikagawiwa, dozi kumi na mbili, hakuna ya ziada. Makasha yakafunguliwa, mabuti yakatoka.

"Nendeni mkapumzike," tajiri akasema, kisha akamgeukia Nyapara. "Matofali ya watu yanasubiriwa. Afadhali tumebakiwa na mzima mmoja wa kukanyaga udongo."

Kobe akapita mbele yake, mabuti mapya yakilia kwichi, kwichi. Akasimama, akayatazama yale ya zamani ya Nyapara.

"Vua, shemeji. Kiatu hakina macho."