Huyu Si Bibi Harusi

Chui jike alitoka nje ya fremu ya kamera, na mpiga picha wa harusi hakumfuata.

Kwa miaka kumi na miwili alikuwa akiwafuata mbio maharusi ukumbini, kamera begani. Wiki nzima ya mafunzo ya kupiga picha za wanyama porini, mwalimu alimtania: "Dada, huyu si bibi harusi. Mwache apite." Leo ndio mtihani wa mwisho, na nafasi ya kazi ni moja.

Wenzake wawili waligeuza kamera kumfuata chui.

"Bibie, unapiga nyasi?" mmoja alinong'ona.

Aliendelea kulenga nyasi alikotokea chui. Alikuwa ameona chuchu za yule chui zimevimba kwa maziwa. Jasho lilimtiririka hadi kwenye kope, wala hakupepesa.

Nyasi zikatikisika, chini kabisa. Kisha zikatikisika tena.