Maji ya Udhu

Eda ilipokwisha, Rukia alisafiri hadi mji ule wa ugenini kuchukua begi la marehemu mumewe. Mwenye nyumba ya wageni alimfungulia chumba ambacho hakijapangishwa tena tangu msiba. Chupa tupu za maji zilikuwa bado zimejipanga dirishani.

"Pole sana, mama. Tulimwonya, naye mzee alisikia. Maji ya bomba hakuyanywa hata tone. Hata chai alitaka ichemshwe kwa maji ya chupa. Kipindupindu kilimpata wapi, Mungu ndiye ajuaye."

Adhana ya alasiri ilikuwa imeanza, Rukia akaingia bafuni kutawadha. Alifungua bomba, akaosha viganja, akakinga maji, akayatia kinywani asukutue.

Hapo akamkumbuka mumewe penye karo la nyumbani, kila sala, kichwa juu, akiyakoromesha maji mpaka ndani kabisa ya koo.

Rukia akaganda.

"Mama, kuna nini?" mwenye nyumba aliuliza mlangoni.

Hakuweza kujibu. Maji yalikuwa yamemjaa kinywani, na mbele yake bomba lilikuwa limeanza kukoroma kama koo la mumewe.