Mlio wa Njia ya Lubumbashi

Sindano ya mwendo ilipovuka themanini, Peugeot ikaanza tena kulia. Mlio mwembamba, kama wa mama aliyefiwa, ukatoka chini mbele.

"Unasikia?" Hilaire aliuliza, mikono imekaza usukani.

"Nasikia, papa," alijibu makanika. "Ongeza kidogo."

Makanika huyo, Jean, alitengeneza magari nyuma ya soko la Kikula. Juzi tu alibadilisha mafuta ya injini, na tangu hapo gari lililia kila likikimbia. Hilaire alipomrudia kwa hasira, Jean alisema ugonjwa wa namna ile hauonekani gari likisimama. Lazima watoke nalo barabara kuu.

Hilaire hakupenda. Mwaka ule, mishahara ikiwa imekufa, watu waliuawa kwa ajili ya gari bovu kuliko hili.

Kwenye kizuizi cha kamba barabarani, vijana wenye mapanga waliwasimamisha. Walitafuta watu wa Kasai, wale waliokuwa wakifukuzwa mjini.

"Na uyu ni nani?"

"Makanika yangu," Hilaire alisema kwa pupa. "Motoka iko inalia, tunaipima."

Jean alikuwa akikohoa ndani ya kitambaa. Kamba ikashushwa.

Walikwenda mwendo mrefu. Kila Hilaire alipotaka kugeuza, Jean alisema, "Bado, papa. Mbele kidogo." Gari hakulisikiliza tena, macho yake yalipekua majani ya kando ya njia. Na ule mfuko wake wa vyombo vya kazi, mbona umevimba hivyo?

Ana wenzake huku, Hilaire aliwaza. Polepole akavuta chuma cha jeki kutoka chini ya kiti, akakilaza pajani.

"Simama apa, papa."

Hapakuwa na nyumba wala mtu. Jean alishuka na mfuko wake, akapiga mluzi. Majani yakatikisika. Hilaire akakishika chuma kwa mikono miwili.

Mama mmoja akatokea, miguu myeupe kwa vumbi, mtoto mgongoni. Alimwangukia Jean kifuani akilia kwa Kiluba cha Kasai, na Jean akambembeleza kwa lugha ileile.

Kisha Jean akainama mbele ya gari, akafungua utepe wa kaseti alioufunga mwenyewe chini ya bampa ili ulie kwa upepo.

"Motoka yako haikukuwa na kitu, papa," alisema. "Rudia kwako muzuri."