Swali la Kiti cha Nyuma

Msichana wa kiti cha nyuma alisimama kabla muda wa maswali haujafika.

"Mtu wa nyumbani akitumia, tumseme?"

Minong'ono ikakatika. Mbele, chini ya kitambaa kilichoandikwa VIJANA TUKATAE DAWA ZA KULEVYA, nesi alishusha kipaza sauti. Alikuja moja kwa moja kutoka zamuni, akiwa na sweta yake ya kazi na viatu vyake vyeupe vya kamba, na alikuwa amezungumza vizuri kuliko wageni wote waliomtangulia. Hakuwatisha vijana kwa picha za maiti. Aliwaeleza tu jinsi mtu anavyoanza kidogo kidogo, kwa sababu amechoka.

"Kaka yake huyo!" akaropoka kijana wa darasa lake. "Ndiyo maana kila siku anakuja na macho mekundu."

Wakacheka. Mchungaji, mwandaaji wa kampeni, akagonga meza.

"Nyamazeni! Endelea, mwanangu."

"Anajifungia bafuni," msichana akasema. "Akitoka anakuwa mpole sana, ananiita majina ya utotoni. Halafu anasinzia palepale kwenye kochi, na viatu vyake miguuni. Mimi ndiye humvua."

Hakuna aliyecheka tena.

Nesi alikunywa maji.

"Nikimsema," msichana akaendelea, "atafukuzwa kazi."

"Kazi hutafutwa nyingine."

"Akifungwa je?"

"Utampelekea sabuni. Utamkuta hai."

"Atanichukia."

Nesi akaweka kipaza sauti mezani. Aliposema, walimsikia hadi mlangoni.

"Hatakuchukia. Huenda kila asubuhi anamwomba Mungu amlete mtu wa kumsema, maana mwenyewe ameshindwa. Mseme. Hata kama ni mbele za watu."

Ukumbi mzima ukapiga makofi. Mchungaji alijifuta macho, akamwita msichana aje mbele.

"Tuko pamoja nawe, mwanangu. Tuambie ni nani, tukamsaidie leo hii."

Msichana alipita katikati ya viti, taratibu, mikono ikiwa imeshikana kifuani kama mtu anayeenda kupokea sakramenti. Wenzake wakavuta miguu kumpisha. Yule kijana aliyeropoka aliinamisha kichwa.

Alipofika mbele hakumtazama mchungaji. Alipiga magoti kwenye sakafu, miguuni pa nesi, akaanza kumfungua kamba za viatu.

Nesi akaweka mkono juu ya kichwa cha mwanawe.