Deli la Mama Kushal

"Samaki hawaingii wodini, mama," mlinzi alisema, akilizuia deli la barafu kwa mguu.

"Toa mguu wako kabla sijaukanyaga."

Akautoa. Hata wewe ungeutoa. Kinjal, ambaye hospitali nzima ilimjua kwa jina la Mama Kushal, hakuwa mtu wa kuzuiliwa siku hiyo. Alilibeba deli lake mpaka wodi ya watoto, bila kuuliza njia, akalitua kando ya kitanda cha dirishani na kulikalia. Sari yake nyeupe iliburuza sakafuni. Hakujali.

Kitandani mtoto alikuwa anawaka homa. Macho mekundu, midomo imepasuka, ulimi umejaa vipele. Ukingoni alikaa Gladness, binti aliyetoka Kisesa, akimpepea kwa kanga. Alimtazama Mama Kushal kwa woga.

Dokta Lwakatare alikuja mbio.

"Mama Kushal, pole sana. Lakini hapa..."

"Pole yako kaa nayo. Dawa hii hapa. Kingamwili, chupa zote, zimekuja kwa ndege kutoka Nairobi, na barafu naibadilisha kwa mikono yangu. Mtundikie."

"Dawa ya kutoka nje lazima ikaguliwe na mfamasia mkuu. Yuko kikaoni."

"Kikaoni!" Wodi nzima iligeuka. "Mlisema malaria. Mkasema surua. Mkasema tusubiri kipimo cha moyo. Mishipa ya moyo inavimba, ninyi mnasubiri! Wewe mwenyewe ulinieleza, dokta, kwamba dawa hii inatakiwa iwahi, siku za mwanzo mwanzo, la sivyo moyo unaharibika. Ulinieleza au hukunieleza?"

Daktari alitazama viatu vyake. Alimweleza, ndiyo. Alimweleza akiwa amechelewa, na alilijua hilo.

Simu ya Mama Kushal ikaita. Alikuwa baba mkwe wake, mzee Vasant.

"Kinjal, rudi nyumbani. Watu wamejaa hapa, wanakuulizia."

"Wakae."

"Watasemaje?"

"Waseme wanavyotaka, baba!" Akakata.

Nesi Tereza, ambaye ndiye aliyempigia alfajiri, aliinama akanong'ona, "Tuachie deli, mama. Tutaiweka dawa kwenye friji, nawe ukapumzike."

"Niliwaachia kila kitu, Tereza. Nilikaa hapa mpole, kila mnachosema naitikia, mkanisifu eti mama mstaarabu. Ustaarabu umenipa nini? Leo sitoki. Itaingia kwenye mshipa naona kwa macho yangu haya." Akamgeukia Lwakatare. "Una watoto?"

"Ninao."

"Angekuwa wako kalala hapa, ungesubiri kikao kiishe?"

Lwakatare akatoka karibu anakimbia. Aliporudi alikuwa na mfamasia mkuu, kalamu bado mkononi, amenuna kama mtu aliyenyang'anywa chai. Mama Kushal alisimama, akafungua deli mwenyewe. Mfamasia akasoma kipimajoto kilichokuwamo, akainua chupa moja moja kwenye mwanga, akasaini.

Dawa ile haina haraka. Ilidondoka tone kwa tone, mchana kutwa, Tereza akipima joto na mapigo ya moyo, Mama Kushal akiitolea macho. Chai aliikataa. Uji wa Gladness aliukataa pia. Kila chupa ilipokaribia kuisha aliita, "Nesi!" kabla kengele ya mashine ya dripu haijalia, na jamani, hakuna nesi aliyethubutu kuchelewa.

Jioni, chupa ya mwisho ilipokauka, mtoto alifumbua macho akaomba maji. Lwakatare akasema homa imeanza kushuka, moyo wataupima tena kesho. Gladness aliangua kilio, kanga mdomoni.

Mama Kushal alinyanyuka, miguu imekufa ganzi, akaokota deli tupu. Kisha, kwa mara ya kwanza tangu afike, alimgusa mtoto kwenye paji la uso.

"Mwanao anaitwa nani?" akamuuliza Gladness.

"Pius," Gladness alijibu, akifuta machozi. "Lakini mama, mimi hata hunijui. Dawa ya bei yote ile, kwa nini umetupa sisi?"

"Tereza kaniambia wako anaumwa ugonjwa uleule wa wangu. Dawa ilifika Jumamosi," alisema Mama Kushal. "Tulikuwa tunachoma maiti ya Kushal."