Nyuki wa Mwalimu Ekambaram

Mwaka wa tisa wa kumfunza Vaidehi ngoma, Mwalimu Ekambaram aliongeza nyuki.

Kila Vaidehi alipokaribia kuimaliza ngoma yake ya kucheza peke yake, ya mwanamke anayemngoja mpenzi, mwalimu alibuni kipande kipya. Mwaka juzi swala. Mwaka jana kasuku. Sasa nyuki, tena mwenye hasira.

“Mwalimu, huyo mpenzi akija atadhani amekosea njia, kaingia mbugani.”

“Kunja magoti. Rudia.” Kijiti kikagonga ubao.

Wasichana wenzake wa mtaa wa Mylapore walikwishapanda jukwaani zamani. Vaidehi, miaka ishirini na mbili, alikuwa bado anafukuza nyuki. Na asiyetolewa jukwaani mara ya kwanza na mwalimu wake haitwi na ukumbi wowote. Naye hakutaka kitu kingine duniani ila kucheza mpaka azeeke.

“Mzee anakuonea wivu huyo,” alisema mama yake, akikoroga mchuzi wa dengu.

Baba yake, Bwana Raghavachari, akaenda naye kwa mwalimu, tumbo likitangulia. “Mwalimu, ukumbi nimekodi, kadi nimechapisha. Hata rafiki zetu wa mji wa Coimbatore wanakuja, na kijana wao mhandisi.”

“Bado. Nyuki hajakamilika.”

“Basi atamkamilisha mwalimu mwingine!”

Vaidehi akapiga magoti, akamshika mzee miguu. “Mwalimu, nakusihi. Niache nianze maisha yangu.”

Mzee alikiweka kijiti chini. “Haya, mwanangu,” akasema.

Jumapili iliyofuata Vaidehi alicheza ukumbini kwa muda wa saa mbili. Nyuki alipomjia, watu mia tatu walijikinga nyuso. Mwalimu, pembeni na matoazi yake, alilia kama mfiwa. Wageni wa Coimbatore walishangilia kuliko wote, na siku ya tatu wakaja kuposa. Nyumba inayopenda ngoma namna hii, Vaidehi alijiambia, haitanizuia kucheza. Akakubali.

Siku ya harusi, wanawake saba waliovaa hariri nzito walimzunguka kwenye kiti chake cha bibi harusi kumpongeza. Wote walikuwa wamefunzwa na Ekambaram.

“Wewe alikudekeza,” mmoja alimtania. “Sisi alituharakisha. Miaka minne tu, jukwaani!”

“Bahati yenu, dada zangu! Na baada ya hapo mlicheza kumbi zipi?”

Mkubwa wao akainama, akamsawazishia taji la maua taratibu.

“Baada ya hapo, bibi harusi,” alisema, “tulikaa hapo ulipokaa wewe.”