Fundi Aliye Karibu Zaidi

Saa kumi kasoro robo lifti ya hospitali ilikwama kati ya ghorofa ya tano na ya sita. Mama Miraba alibonyeza vitufe vyote, kisha akavirudia kwa hasira.

"Haisaidii, dada," alisema mwanamume aliyekuwa naye, amekumbatia begi kifuani. "Mashine iko juu, kwenye paa. Humu ndani hakuna cha kushika."

Mjuaji huyu, alijisemea. Mama yake mzazi alikuwa ghorofa ya nane, juu ya kitanda cha magurudumu, amegoma katakata: haingii chumba cha upasuaji mpaka amwone binti yake. Saa kumi ikipita, nafasi anapewa mgonjwa mwingine, yeye asubiri mwezi mzima. Moyo wa mama haukuwa na mwezi wa kusubiri.

Akabonyeza kengele ya dharura. Spika ikaitika kwa sauti ya mpokea simu wa kampuni ya mafundi wa lifti anakofanya kazi yeye mwenyewe.

"Mama Miraba! Umenaswa wewe?" Kicheko kikamponyoka. "Samahani. Natafuta fundi sasa hivi."

Jina hilo la utani alilipata kazini. Zamani kompyuta yao ilipima umbali kati ya kila lifti na kila fundi, lifti elfu sita kwa mafundi elfu moja, watu wakabaki wamenaswa huku ikihesabu. Yeye akaikata ramani vipande vya mraba. Programu ikawa inachungulia mraba wenye lifti iliyokwama na miraba inayopakana nao, basi, na jibu linatoka kufumba na kufumbua. Anaitwa fundi mmoja tu, wa karibu kuliko wote. Mwingine haitwi mpaka huyo akiri kwamba kazi imemshinda.

"Usiogope, kaka," alimwambia mwenzake. "Programu nimeiandika mimi. Haikosei."

"Inajuaje fundi alipo?"

"Kwa simu yake."

"Na akiizima?"

"Azime aone! Atafukuzwa siku hiyo hiyo." Alipiga mlango teke. "Na lifti hii, karatasi ya pale chini inasema imetengenezwa leo saa nane! Huyo aliyeitengeneza nikimtia mkononi, hapati kazi tena mji huu."

Mwanamume alipangusa jasho, akavitazama viatu vyake.

"Amepatikana!" spika ikapiga kelele. "Yuko humo humo jengoni! Nampigia."

Machozi yalimtoka Mama Miraba. Akaugonga mlango kwa ngumi zote mbili. "Fundi! Tuko huku! Fanya haraka, baba, mama yangu ananingoja!" Akatega sikio asikie hatua za mtu.

Ikabaki dakika nne.

Simu ikaanza kuita ndani ya begi. Mwanamume akaitoa, akaitazama, na bila kuinua macho akabonyeza jibu: *Nimefika.*